Joho la Sheria na Joho la Soko

Katika miaka ya 1750 wachoraji wa kasri la Beijing walipewa kazi ya kuchora nguo. Mfalme Qianlong alitaka kila vazi la dola liwe na mchoro wake: joho la mfalme la majira ya baridi na la majira ya joto, kofia ya waziri na ya askari, mikanda, kola, shanga za shingoni, hadi kile kifungo kidogo kinachokaa kileleni mwa kofia kuonyesha cheo cha mwenye nayo. Kazi hiyo ilitimia mwaka 1759, ikachapishwa kwa vibao vya mbao mwaka 1766. Katika michoro ya majoho yale hamna mtu. Vazi limetandazwa peke yake juu ya hariri, mikono imenyooshwa huku na huku, na maandishi yaliyo mkabala wake yanaeleza nani ana haki ya kulivaa, na lini.

Miongo michache baadaye, kusini kabisa, katika mji wa Guangzhou ambao wageni waliuita Canton, joho la namna ile linachorwa tena, safari hii likiwa na mtu ndani yake. Ofisa amesimama kwenye karatasi tupu, uso umegeuzwa kidogo, kiraka cha cheo kifuani, viatu vya soli nyeupe nene. Mnunuzi ni daktari wa meli kutoka Scotland, au karani wa nyumba ya biashara ya Boston. Hajui kwamba ndege aliyetariziwa kifuani ni alama ya ofisa wa kiraia na mnyama ni alama ya mwanajeshi. Wala hajui kwamba korongo ni wa daraja la kwanza la kiraia, na simba wa daraja la pili la kijeshi. Amependa rangi. Analipa, anafungiwa picha 12 katika jalada la hariri, na jalada linaingia sandukuni pamoja na chai na vyombo vya kaure.

Nguo ni zile zile, lakini picha ya Beijing inasema nani anaruhusiwa, na picha ya Guangzhou inasema watu wa huku wako hivi. Ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya wanaoijua nchi na wanaoweza kuadhibiwa nayo; ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya mtu atakayeondoka na upepo wa msimu na pengine asirudi tena. Kwa muda mrefu wanahistoria wa sanaa waliitukuza ile na kuipita hii bila kuitazama. Mimi naona ile ya pili inastahili kusomwa kwa umakini ule ule, na njia nzuri ya kuisoma ni kuiweka kando ya wenzake: picha za mavazi zilizouzwa kwa wageni Istanbul, Thanjavur, Delhi, Manila, na mwishoni Zanzibar. Umbo la picha hizi halitofautiani sana. Mtu mmoja, au wawili, wamesimama mahali pasipo mahali, wamevaa na wameshika zana zao. Kinachotofautiana sana ni mpangilio: nani anatangulia, nani anafuata, nani amewekwa na nani. Naamini tabia ya kila mapokeo imejificha humo.

Tuanze na hali ya Guangzhou yenyewe, maana bila hiyo picha hizi hazieleweki. Mwaka 1757 Qianlong aliagiza kwamba biashara ya baharini na Wazungu ifanyike katika bandari hiyo moja tu, na amri hiyo ilidumu hadi Mkataba wa Nanjing wa 1842 ulipofungua bandari tano. Katika miaka hiyo 85 mgeni aliishi kwenye ukanda mwembamba wa majengo kando ya Mto Lulu, nje ya kuta za mji. Kuingia ndani ya kuta hakuruhusiwa. Mkewe hakuweza kuja naye. Msimu wa biashara ukiisha, alitakiwa kurudi Makau. Siku maalumu aliweza kuvuka mto kutembelea bustani, chini ya uangalizi. Kwa hiyo wanunuzi wakubwa wa picha za China walikuwa watu walioiona China kwa tundu. Walichokosa kwa macho walikinunua kwenye karatasi, na mafundi wa mitaa miwili mitatu nyuma ya majengo yale walijua wazi njaa hiyo.

Mafundi hao walijulikana kwa majina ya dukani: Puqua, Lamqua, Tingqua, Sunqua, Youqua. Lamqua, ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Guan Qiaochang, alichora sura za watu kwa rangi za mafuta kwa mtindo wa Kiingereza. Mdogo wake Tingqua alijikita katika rangi za maji na ndiye anayetuhusu zaidi. Mwingereza Toogood Downing, aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1838, alipanda ngazi za karakana ya Lamqua akakuta mafundi wanane au kumi wamekunja mikono ya nguo, wamezungusha misuko yao kichwani isiwasumbue, kila mmoja na kazi yake. Muhtasari wa mwili ulifuatishwa kutoka kwenye kielelezo. Mmoja alishughulika na nyuso, mwingine na nguo. Wageni wengi waliona jambo hilo kuwa aibu ya sanaa. Lakini nakshi za kaure zilizojaza makabati yao kule London zilipakwa vivyo hivyo, kwa mikono mingi, na hawakuzionea aibu.

Kuanzia miaka ya 1820 mafundi hawa walipata karatasi ambayo ndiyo siri ya mng'aro wa picha zao. Wanunuzi waliidhani ya mchele. Kumbe ni kiini cha mti mdogo wa kusini mwa China na Taiwan, uitwao kitaalamu Tetrapanax papyrifer. Fundi huchukua kiini hicho cheupe, laini na chepesi, akakizungusha dhidi ya kisu kirefu kama mtu amenyaye chungwa bila kukata ganda, ukatoka ukanda mwembamba unaopitisha nuru. Kwa kuwa kiini chenyewe ni kifupi, vipande vyake ni vidogo, mara chache kuzidi sentimita 30. Rangi ikiwekwa juu yake haizami. Inakaa juu, na kiini kikinywa maji kinavimba kidogo, hata pindo la joho likainuka kwenye karatasi kana kwamba limetariziwa kweli. Hakuna karatasi nyingine duniani iliyofaa zaidi kuonyesha hariri. Na hakuna iliyo dhaifu zaidi: ikikunjwa inapasuka. Wasomi wa China hawakuchora juu yake. Wao walikuwa na hariri na karatasi zao za wino. Kiini hiki kilitumika kutengenezea maua bandia ya kuchomeka nyweleni. Kwa hiyo malighafi ya pambo la mwanamke ndiyo iliyobeba picha ya mwanamke aliyepambwa, na ninaona uteuzi huo una akili ya fundi anayejua vitu vya soko lake.

Kabla ya karatasi hiyo, jina la Puqua lilikwisha kufika London. Mwaka 1800 meja mmoja wa jeshi la Uingereza, George Henry Mason, alichapisha kitabu kikubwa cha mavazi ya China chenye picha 60 zilizochongwa kwenye shaba kutokana na michoro ya Puqua, na maelezo kwa Kiingereza na Kifaransa. Mason alikuwa amefika Guangzhou karibu miaka kumi kabla. Humo mna kinyozi, mtengeneza viatu, muuza nyoka, mwanamke anayeshona soksi, mpiga ngoma. Miaka mitano baadaye, 1805, kikatoka kitabu kingine London chenye jina lile lile, cha William Alexander, mchoraji aliyefuatana na ujumbe wa Lord Macartney kwenda kwa Qianlong mwaka 1793. Vitabu viwili, somo moja, mkono mmoja wa Kichina na mmoja wa Kiingereza: hii ni bahati ambayo mlinganishaji huipata kwa nadra.

Alexander anamweka mtu wake mahali fulani. Kuna mto, daraja, mnara wa ghorofa nyingi, kivuli kinachoanguka upande mmoja. Nguo zake zina mikunjo inayofuata mwili, naye anapenda sana jinsi kitambaa kinavyolala begani. Puqua hana kivuli wala mto. Anachokazania ni kazi: mfuko wa kinyozi una droo ngapi, kamba ya mbeba mizigo inafungwa wapi, koti la kazi linaishia sehemu gani ya paja ili miguu ipate nafasi. Kwa Alexander vazi ni jambo la jicho. Kwa Puqua ni jambo la mkono. Na tusiseme kwamba mmoja aliona na mwingine alikariri. Ujumbe ulipopokelewa na mfalme huko Jehol mnamo Septemba 1793, Alexander alikuwa ameachwa Beijing, na picha alizotoa za mapokezi yale alizijenga kutokana na michoro na masimulizi ya wenzake. Naye fundi wa Guangzhou hakuwahi kumwona mfalme wala malkia, ambao alitakiwa kuwachora katika kila jalada la heshima, kwani kasri lilikuwa karibu kilomita 2,000 kaskazini. Alifanya nini? Katika baadhi ya picha hizo mfalme amevaa nguo za jukwaa la opera, bendera na manyoya vikiwemo, zisizofanana na michoro ya 1759. Opera aliiona. Ndiyo maana nasema fundi wa Guangzhou ni shahidi wa kuaminika zaidi kadiri anavyoshuka kutoka kasrini kuelekea mtaani. Kinyozi wake namwamini kabisa. Malkia wake namtazama kwa raha tu.

Hapo huibuka swali la asili ya umbo lenyewe. Wengi hudhani kwamba mtu mmoja aliyesimama kwenye karatasi tupu ni matakwa ya Mzungu yaliyotekelezwa na mkono wa Mchina. Ni kweli kwamba Ulaya ilikuwa na mazoea hayo. Cesare Vecellio alichapisha Venice mwaka 1590 kitabu cha mavazi ya dunia chenye mamia ya picha, na mwaka 1687 Marcellus Laroon aliwachora wachuuzi wa mitaa ya London, mmoja mmoja, na bidhaa zao kichwani. Lakini mwaka 1516 Zhou Chen wa Suzhou aliwachora ombaomba na watu wa mitaani, kila mmoja peke yake, bila mandhari yoyote, akaandika kwamba aliwahi kuwaona sokoni na njiani na kwamba picha zile ziwe onyo kwa ulimwengu. Na karne tatu kabla yake, Li Song wa enzi ya Song alimchora mchuuzi wa vikorokoro akizungukwa na watoto. Kwa hiyo karatasi tupu ilikuwa na wazazi wawili. Tofauti ni ya nia: Zhou Chen alitaka mtazamaji ahuzunike na kujirekebisha, Laroon alitaka atambue sauti anazozisikia dirishani kila asubuhi, Puqua alimwonyesha mtu ambaye mtazamaji hatamsikia kamwe.

Sasa Istanbul. Huko biashara hii ilianza zamani zaidi. Kijana Mwingereza Peter Mundy alipokuwa Istanbul mwaka 1618 alijipatia albamu ya mavazi, picha ndogo za watu wa dola ya Uthmaniyya, akaandika maelezo yake mwenyewe pembeni; sasa iko British Museum. Mundy huyo huyo, karibu miaka 20 baadaye, alifika Makau na kwenye mto wa Guangzhou katika meli za Kapteni Weddell, na kwa kuwa pale hapakuwa bado na mafundi wa kumuuzia, alishika kalamu akachora mavazi ya Wachina yeye mwenyewe katika shajara yake. Namheshimu msafiri huyu. Mtu mmoja aligusa ncha mbili za hadithi yetu kabla ya ncha ya pili kuwepo.

Albamu nyingine maarufu ni ile aliyorudi nayo Claes Rålamb, mjumbe wa mfalme wa Sweden aliyekuwa Istanbul mwaka 1657 na 1658. Ina zaidi ya picha 100 na imehifadhiwa Stockholm. Ukiifungua albamu ya aina hii unashuka ngazi. Juu yupo sultani, kisha mufti na waziri mkuu, maofisa wa kasri, aga wa Majanisari na askari wake, wapishi, wabeba maji, madarweshi. Halafu wanawake wa Kituruki, Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi. Ngazi hiyo haikubuniwa na mchoraji. Katika dola ya Uthmaniyya rangi ya kiatu na namna ya kilemba zilikuwa mambo ya amri, na mtu alijulikana dini na kazi yake kabla hajasema neno. Mchoraji wa sokoni aliikuta dola imekwisha kupangwa, naye akaipunguza ukubwa ikaenea mfukoni mwa balozi. Pia alikuwa na jambo ambalo mwenzake wa Guangzhou hakuwa nalo: kila Ijumaa sultani alitoka kwenda msikitini, na mji mzima ulimwona.

Ukilinganisha na jalada la Guangzhou, utaona kilichovunjika. China ya Qing, nasaba ya Qianlong, nayo ilikuwa na sheria ya mavazi, kali na yenye maelezo mengi kuliko ya Istanbul, nimeanza nayo. Ila dukani kwa Tingqua ngazi ile ilikatwa vipande. Palikuwa na seti ya maofisa, seti ya wanamuziki wa kike, seti ya kazi za mitaani, seti ya hatua za kutengeneza hariri au chai, seti ya adhabu za mahakamani. Kila moja iliuzwa peke yake. Mnunuzi aliweza kuondoka na vinyozi bila mawaziri. Mgeni wa Istanbul alinunua dola. Mgeni wa Guangzhou alinunua aina. Nadhani sababu kubwa ni mnunuzi mwenyewe. Istanbul albamu nyingi zilichukuliwa na mabalozi na watu wa msafara wao, watu waliohitaji kujua nani anasujudiwa na nani anapewa bahashishi. Guangzhou mnunuzi alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara huchagua kutoka kwenye rafu.

India inatupa mpangilio wa tatu. Thanjavur, mwishoni mwa karne ya 18, wachoraji waliowafanyia kazi maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki waliwachora watu wawili wawili, mume na mke, wakiwa na vifaa vya tabaka lao: mfinyanzi na mkewe, mfumaji na mkewe. Tabaka hurithiwa, na pasipo ndoa hakuna urithi, hivyo mke si pambo la picha bali ni sehemu ya hoja yake. Kwenye majalada ya Guangzhou, kinyozi hana mke. Kazi yake inaweza kurithiwa, lakini picha haijali hilo.

Delhi ni habari nyingine, na hapa nakiri upendeleo. Ndugu wawili wa Scotland, William na James Fraser, waliagiza kati ya 1815 na 1819 picha za wanakijiji, askari, wacheza ngoma na wauza farasi wa eneo la Delhi. Wachoraji walikuwa warithi wa sanaa ya Mughal, sanaa iliyokuwa imetumia karne mbili kuchunguza uso wa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo walipoagizwa kuchora aina, walichora watu. Kando ya vichwa vingi kumeandikwa majina, na mara nyingine kijiji. Shali linaonekana ni la mtu yule, limemzoea. Nimetafuta hali hiyo katika karatasi za Guangzhou na siioni, wala sidhani mafundi wa Guangzhou walishindwa. Lamqua aliweza kuchora uso kwa ukali wa ajabu. Picha alizomchorea daktari Peter Parker za wagonjwa wa uvimbe, kuanzia miaka ya 1830, hazisahauliki. Bali seti ya mavazi ilikuwa na makubaliano yake: uso uwe tulivu, ufanane na mwenzake, ili jicho lishuke upesi kwenye nguo. Fraser aliwajua watu aliowaagizia. Mnunuzi wa Guangzhou hakuwa amemjua hata mmoja.

Kisha njia hizi zinakutana, tena Guangzhou. Manila, katika miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, Damián Domingo, mchoraji mwenye damu ya Kichina na ya Kifilipino, alitengeneza albamu za mavazi ya visiwa vyake: tajiri mwenye kofia ndefu na shati la nyuzi laini linaloonyesha ngozi, mwanamke mestiza, mwuza maziwa, askari. Mpangilio wake ni wa mali na nasaba. Aliyemwagiza mojawapo alikuwa Rafael Daniel Baboom, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka India, na kwa mtu wa kazi hiyo picha ya vazi ni pia habari ya soko. Michoro ya namna hii ikavuka bahari, mafundi wa Guangzhou wakainakili. Vivyo hivyo picha za watu wa Lima, pamoja na wale wanawake waliojifunika manto uso mzima wakaacha jicho moja, zilinakiliwa huko na kurudishwa kuuzwa Amerika. Mchina ambaye hakuwahi kuona Peru alimchora mwanamke wa Peru kwa ajili ya mtu wa Peru. Huwezi tena kusema kwamba mafundi hawa walikuwa wakiwaonyesha Wazungu China. Walikuwa wamegeuka karakana ya mavazi ya dunia.

Na China nayo ilitazama. Mwaka 1751 Qianlong aliagiza maofisa wa mipakani na bandarini wapeleke michoro ya watu wa nje na wa pembezoni mwa dola. Kutokana nayo mchoraji Xie Sui alitengeneza magombo manne marefu yenye jamii takriban 300, mwanamume na mwanamke wa kila jamii, na maelezo kwa Kimanchu na Kichina. Waingereza wamo, Wafaransa wamo, Waholanzi wamo. Maandishi yanataja nguo za sufu za wanaume wa Kiingereza na viuno vya wasichana wao vilivyobanwa viwe vyembamba. Wakati Wazungu wa Guangzhou wakiulizia picha za wanawake wa Kichina wenye miguu iliyofungwa, kasri la Beijing lilikuwa limekwisha kuandika juu ya miili ya wasichana wa Uingereza kwa mshangao ule ule uliopoa. Japani hali ilikuwa hivyo hivyo kwa pande zote mbili katika mji mmoja wa Nagasaki: Kawahara Keiga aliwachorea Waholanzi wa Dejima maisha na mavazi ya Wajapani, huku maduka ya mjini yakiwauzia Wajapani picha za Waholanzi na kofia zao. Magombo ya Qing yanapanga watu kwa ukaribu wao na kiti cha mfalme. Ni mpangilio wa dola, na katika hilo yanafanana zaidi na albamu ya Istanbul kuliko na bidhaa za mtaa wa Tingqua.

Pwani yetu iliingia katika habari hii kwa kuchelewa, na kwa kamera. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za abiria zilizidi kutia nanga Zanzibar, na wapiga picha wa Goa, A. C. Gomes na baadaye ndugu wa Coutinho miongoni mwao, waliuza picha na kadi za posta za Waswahili, Waarabu na Wahindi wa mji. Mwanamke wa kanga amesimama mbele ya pazia, mwanamume wa joho na jambia, mchukuzi, muuza nazi. Mpangilio unakumbusha Guangzhou: aina, kila moja kwa bei yake. Aliyeshika chombo hakuwa Mzungu, wala hakuwa Mswahili. Alikuwa mkazi wa mji mwenye kuujua mji, na pengine ndiyo sababu kanga katika picha bora za wakati huo zimevaliwa sawasawa, pindo mahali pake. Lakini kamera ina deni ambalo brashi haina. Kinyozi wa Puqua huenda hakuwahi kuwa mtu fulani. Mwanamke wa kadi ya posta alikuwa mtu fulani, alikuwa na mama na jirani, na jina lake halikuandikwa. Kwa hilo kadi za Zanzibar ziko mbali zaidi na albamu ya Fraser kuliko zilivyo karatasi za Guangzhou.

Mafundi wa Guangzhou walidharauliwa mara mbili. Wasomi wa China waliwaona watu wa duka, wasiostahili kutajwa pamoja na wachoraji wa wino na ushairi. Wahakiki wa Ulaya waliwaona wanakili wasiojua kivuli. Hukumu ya namna hiyo tunaijua: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, mwaka 1968, kwa wateja ambao wengi walikuwa wageni, wako waliosema kwamba kitu kinachochorwa kwa mgeni na kurudiwa na wanafunzi hakiwezi kuwa sanaa. Hoja hiyo haina nguvu. Mnunuzi huchagua somo; hachagui kila mstari. Daktari wa meli hakuweza kujua kama kifungo cha joho la ofisa kiko upande sahihi. Fundi alijua, na mara nyingi sana alikiweka kulia, palipostahili, ingawa hapakuwa na mtu wa kumkosoa.

Sheria zilizozaa nguo hizi zilikwisha moja baada ya nyingine. Majanisari walifutwa mwaka 1826. Mwaka 1829 Mahmud II aliwaamuru watumishi wa dola wavae fezi, na albamu za Istanbul zikawa za watu wasioonekana tena njiani. Mitaa ya wachoraji wa Guangzhou iliharibiwa na moto wa Desemba 1856, ulioteketeza majengo ya wageni wakati wa vita na Waingereza. Mafundi walikuwa wamekwisha kuanza kuhamia Hong Kong, ambako wengi waligeukia kukuza fotografia kwa rangi za mafuta. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora kasri la kiangazi karibu na Beijing, na kurasa za ile michoro ya mavazi ya 1759 zikatawanyika. Baadhi leo ziko London, katika jumba lile lile la Victoria and Albert linalohifadhi karatasi nyingi za Guangzhou. Picha ya sheria iliporwa. Picha ya soko ilinunuliwa. Zinakaa chini ya paa moja.

Mwaka 1873 ulikuwa na matukio mawili yanayofaa kutazamwa pamoja. Mscotland John Thomson alianza kuchapisha London fotografia zake za China na watu wake, kazi kubwa na ya heshima, iliyochukua nafasi ya majalada ya hariri. Mwaka huo huo, kwa ajili ya maonyesho ya Vienna, dola ya Uthmaniyya yenyewe ilitoa kitabu cha fotografia za mavazi ya majimbo yake, kilichotayarishwa na Osman Hamdi Bey pamoja na Marie de Launay, picha zikipigwa na Pascal Sébah. Waliovaa walitajwa kwa mji na jimbo, kwa mpangilio ulioamuliwa Istanbul. Dola ya Qing haikufanya hivyo. Dola hiyo ilipoanguka, misuko ilikatwa mwaka 1911 na 1912, na majoho yakaingia makabatini kabla hajatokea mtu wa Guangzhou wa kuipanga upya kazi ya Puqua na Tingqua kwa macho ya Guangzhou.

Kazi hiyo imeanza sasa. Mwaka 2001 Jumba la Makumbusho la Guangzhou lilionyesha karatasi za kiini alizozitoa zawadi kwa mji huo Mwingereza Ifan Williams, aliyezikusanya huko Ulaya kwa miaka mingi. Karatasi zile zilitengenezwa ili ziondoke, na mjini zilikotoka hazikubaki nyingi. Wanaozichambua huko leo wanatazama urefu wa koti la mbeba maji, namna fundi viatu alivyokalia kigoda chake, muuza dawa alivyotandika bidhaa. Wanamtenganisha mfalme wa jukwaani na ofisa wa kweli kwa kutazama kola peke yake, na wanabishana kuhusu seti: ipi ilitangulia, picha gani imetolewa kwenye jalada lake na kuuzwa peke yake, na ofisa yupi aliwahi kusimama karibu na kinyozi yupi.